Mchicha Wangu, Mndimu Wake

Kuna mambo mawili ambayo hakuna mtu aliyenieleza kabla sijaolewa Maskati. La kwanza, kwamba wakati wa joto bomba la maji baridi linatoa maji ya moto. La pili, kwamba mwezi wa Machi, ambao kwetu Dar es Salaam watu wanatazama mawingu na kutafuta mbegu, kule ndiyo msimu unafungwa.

Hilo la pili ndilo lililoniponza.

Nilifika Februari 2018. Jamani, Februari ya Maskati itakudanganya! Jua la upole, upepo wa bahari, na usiku unajifunika blanketi. Nyumba ya familia ya mume wangu iko Seeb, na nyuma yake kuna uwanja wa kama hatua ishirini kwa kumi na mbili. Kokoto tupu, ukiacha mtende mmoja uliosimama peke yake kama askari wa lindo, na mndimu mkubwa ulioegemea ukuta wa jikoni. Mume wangu alikuwa anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda kazini na kurudi saa kumi jioni. Mimi, mhasibu niliyezoea kugombea daladala na kufunga hesabu kila mwisho wa mwezi, nikawa mtu wa kukaa ndani nasubiri kibali cha kazi. Asiyewahi kusubiri kibali hajui siku ina urefu gani.

Tulikuwa tunaishi na mama mkwe. Yeye alizaliwa Unguja, akaja Omani na wazazi wake miaka ya sabini, kama familia nyingi zilizoondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 na kufunguliwa milango Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970. Kiswahili chake kimebaki palepale alipokiacha, na kusema kweli ndicho kilichoniokoa miezi ile ya mwanzo. Lakini hata mama mkwe analala mchana.

Basi nikaamua kulima.

Masika ya kichwani mwangu

Nilinunua mbegu za nyanya, kabichi, karoti na hoho. Nikainua matuta kama ninavyowaona mama zangu wa Bagamoyo wanavyofanya, nikapanda wiki ya pili ya Machi. Zikaota! Nikapiga picha, nikatuma nyumbani. Mume wangu akapita, akatazama, akasema, "Mama, huku watu wananunua mboga." Nikamwona hana imani nami.

Mwisho wa Aprili nyanya zikatoa maua mengi ajabu. Yakapukutika yote. Yakatoka mengine, yakapukutika. Mwezi wa Mei kabichi zikafunguka kama mtu aliyekata tamaa, karoti zikawa nyuzi. Nikaongeza maji. Asubuhi, mchana, jioni, nimeshika mpira namwagilia, na mchana maji yakitoka kwenye ule mpira uliolala juani yanakuunguza mkono. Kumbe nilikuwa nazipika! Bili ya maji ilipokuja imepanda mara mbili na nusu, tukagombana kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Yeye aliongelea riali. Mimi niliongelea upweke. Kila mmoja akashangaa mwenzake haelewi kitu rahisi hivyo.

Halafu ukaja mwezi wa Juni wenyewe. Tarehe 26 Juni 2018, mji wa Quriyat, kusini mashariki mwa Maskati, uliingia kwenye taarifa za dunia: kwa saa ishirini na nne joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Soma tena. Hiyo siyo joto la mchana, ndiyo ubaridi wa usiku wao! Kwetu Seeb haikufika huko, lakini bustani ilikuwa imeshakauka, imebaki kambakamba.

Nimekuja kujua baadaye kwamba kosa halikuwa mkono mbaya. Nyanya ikipigwa na joto la nyuzi 35 kwenda juu mchana, na usiku nao haupoi, mbelewele zake zinaharibika. Ua haliwezi kushika tunda hata ulimwagie maji ya zamzam. Na Maskati inapata mvua ya kama milimita 100 tu kwa mwaka mzima, wakati Dar inapata zaidi ya mara kumi ya hiyo. Nilikuwa nimehamisha mwili, masika nikabaki nayo kichwani.

Chimba chini, usiinue juu

Aliyenifundisha ni mama mkwe, ambaye alikuwa akinitazama dirishani muda wote huo bila kusema neno. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu, "Mwanangu, hukuniuliza. Na mke mgeni akishaambiwa kitu na mama mkwe, anasikia kitu chengine."

Somo la kwanza: tuta la kuinua ni la nchi yenye mvua, linakimbiza maji. Jangwani unataka jaruba, yaani unachimba shimo la kitanda, unaacha uso wa udongo uwe chini ya ardhi kwa kama sentimita 10. Maji yanakaa, upepo hauupigi udongo moja kwa moja. Mwezi wa Agosti, saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijatoka, nikaanza kuchimba. Jembe halikufua dafu, ikabidi sururu. Chini ya kokoto nikakuta tabaka gumu kama saruji. Ukimwaga ndoo ya maji inakaa pale inakutazama. Hilo tabaka lazima ulivunje, la sivyo mizizi inaoga kwenye beseni. Mume wangu alipoona mikono yangu imetoka malengelenge, Ijumaa moja akachukua sururu bila kuombwa. Hakusema kitu. Nami sikusema.

Tukajaza mboji na mbolea ya mbuzi. Hapa sikiliza vizuri: mbolea ya mbuzi ikiwa mbichi ina chumvi na inaunguza. Iache miezi kadhaa, iloweke, igeuze, mpaka isinuke tena. Udongo wa huku una chokaa nyingi, kwa hiyo usishangae majani ya michungwa yakigeuka manjano na mishipa ikabaki kijani. Chuma kipo ardhini ila mti hauwezi kukivuta. Kwenye maduka ya kilimo wanauza madini ya chuma ya kuchanganya na maji. Muulize muuzaji ile inayofaa udongo wa chokaa, maana siyo zote zinafanya kazi.

Juu ya udongo weka matandazo. Sisi tunakatakata makuti makavu ya mtende na nyasi, tunalaza unene wa vidole vinne. Tukavuta neti ya kivuli, ile inayokata nusu ya jua, juu ya bustani na upande wa magharibi. Upande wa magharibi ndio adui, kwa sababu jua la kuanzia saa nane mchana ndilo linaloua. Kuna pia ule upepo mkavu unaotoka jangwani, wenyeji wanauita gharbi. Ukivuma siku tatu bila neti, majani yanakuwa karatasi.

Na maji? Nilikuwa nimwagilie kidogo kidogo mara tatu kwa siku, nikidhani ni huruma. Kumbe ndiyo njia ya kupandisha chumvi: maji yanakauka juu, chumvi inabaki, unaona ukoko mweupe kama unga. Afadhali umwagilie kwa nadra na kwa wingi, ili maji yashuke na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Mume wangu, ambaye ni fundi wa umeme kwa taaluma, akaleta mabomba ya matone na kifaa cha saa kinachofungua maji kabla ya adhana ya alfajiri. Hapo nikagundua jambo: mtu huyu havutiwi na mboga. Anavutiwa na mabomba. Basi nikamwachia mabomba, mimi nikabaki na mbegu, na nusu ya ugomvi wetu ikaisha.

Nusu nyingine ilimalizwa na viyoyozi. Mji ule wa pwani una unyevu, na kiyoyozi kimoja siku ya joto kali kinaweza kudondosha ndoo nzima na zaidi. Maji yale hayana chumvi hata chembe. Tukaweka madumu chini ya kila kiyoyozi, yakawa ya miti. Bili ya Oktoba ilirudi karibu na ya zamani, na mume wangu aliibandika kwenye friji kama cheti cha mtoto.

Miche nilioanza nayo kivulini mwisho wa Septemba niliihamisha katikati ya Oktoba. Nyanya, biringanya, hoho, figili, kotmiri, saladi. Kuanzia Desemba mpaka Aprili tulikula mpaka tukagawa. Figili zilikuwa tayari kwa wiki nne tu. Kama mwenzako ni mtu wa kukata tamaa upesi, anza naye figili.

Mti wa baba

Sasa nije kwenye lile lililokaribia kunirudisha Dar.

Ule mndimu aliupanda marehemu baba mkwe mwaka 1989, walipomaliza kujenga nyumba. Alifariki 2014, kwa hiyo sikumkuta, ila mti nilimkuta kila mtu anausemesha kama mzee wa nyumba. Mama mkwe alikuwa anachemsha ndimu zake kwenye maji ya chumvi na kuzianika juu ya paa mpaka zinakuwa nyeusi na nyepesi, zile wanazotia kwenye samaki na mchuzi wa mbuzi. Ramadhani, sharubati ilitoka pale. Mume wangu ana kovu mguuni la mwiba wake.

Machi 2019 niliona tawi moja limebadilika. Majani madogo, yamepauka, yamesongamana kama ufagio wa chelewa. Halikuwa na ua wala tunda. Baada ya wiki chache yakawa matawi matatu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeuwekea mbolea Novemba. Nikakaa kimya nikitetemeka. Mume wangu alipoona, alisimama pale muda mrefu, halafu akasema, bila kunitazama, "Mti umekaa miaka thelathini. Umekuja wewe na mbolea zako."

We acha tu. Kuna maneno mtu anaweza kuyasema kwa sauti ya chini na yakaenda mbali kuliko kelele. Nikahamia chumba cha wageni. Tulipeana salamu za asubuhi kwa ajili ya mama mkwe, basi. Nikafungua tovuti za ndege nikatazama bei ya tiketi ya kwenda tu.

Kilichonipeleka kwa mtaalamu wa kilimo ni hasira, siyo busara. Nilitaka mtu aniambie kwamba sikuua mti wa mtu. Nikapeleka tawi ndani ya mfuko wa plastiki. Yule mzee alitazama mara moja tu, akatikisa kichwa. Akasema ni ufagio wa wachawi.

Huo ni ugonjwa, siyo uchawi. Unaletwa na kijidudu kidogo sana kinachoishi ndani ya mirija ya utomvu wa mti, na husambazwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani, na pia na miche iliyotoka kwenye mti mgonjwa. Ulionekana Omani kwenye pwani ya Batinah miaka ya sabini, na tangu hapo umemaliza mindimu mingi mno katika nchi ambayo ndimu kavu ni sehemu ya jina lake sokoni. Dawa ya kuuponya mti haipo. Mti unakufa taratibu kwa miaka michache, na wakati unakufa unaambukiza ya majirani. Mbolea haihusiki. Yule mzee alinisisitizia, ungʼoeni.

Nilirudi nyumbani nimebeba habari mbili, moja ya kunisafisha na moja ya kumuumiza yeye. Nilimwambia zote usiku ule. Alisikiliza, akasema, "Haukatwi." Nikamwambia jirani ana mindimu miwili michanga. Akasema tena, "Haukatwi." Nikaelewa kwamba hatuzungumzii mti.

Tulikaa hivyo wiki mbili zaidi. Natamani nikwambie nilipata hekima ya kumfariji; sikupata. Nilikuwa bado nasikia lile neno la mbolea. Mama mkwe ndiye aliyetuita wote wawili uani Alhamisi jioni, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, akasema, "Baba yenu kapanda mti, hakupanda kaburi. Kapanda watu wapate ndimu. Sasa hauzai, na mimi kila nikifungua dirisha n'nautazama n'naumia. Ukateni."

Mume wangu aliukata kesho yake, mwenyewe, baada ya sala ya Ijumaa. Ndugu zake walitaka kuleta mtu na msumeno wa mashine, akakataa. Nilishika ngazi. Tulifunga matawi kwenye mifuko ili wadudu wasitawanyike, na kisiki tukakichimba mpaka usiku, mimi nimeshika tochi. Kipande kimoja cha shina kiko kabatini mpaka leo. Alipokuwa ananawa mikono akaniambia, "Mbolea yako haikuwa na kosa."

Usiku ule nilirudi chumbani kwetu.

Kumbe vya kwetu ndivyo vyenyewe

Mwezi wa Mei ulipokuja tena, wazo langu lilikuwa kufunga bustani mpaka Septemba kama wafanyavyo wengi. Mama mkwe akaniuliza, "Kwani kwenu mnakula nini wakati wa jua?" Nikacheka. Mchicha! Bamia! Kunde! Matembele! Hizi ni mboga zinazopenda joto, nami nilikuwa nimehangaika na kabichi.

Mbegu zake hazihitaji mfuko wa bei. Mbegu za mchicha na bamia nilipata kwenye duka la Wahindi. Kunde nilichukua kwenye mtungi wa jikoni. Matembele niliyapata kwa kuzamisha nusu ya kiazi kitamu ndani ya glasi ya maji. Yalipochipua marando, nikakata na kuchomeka. Chini ya neti, na maji ya alfajiri, vilivuka Juni na Julai. Havikupenda, lakini vilivuka, na Agosti bamia zilikuwa ndefu kuniliko. Jirani yetu Mwomani alikuja na bakuli kuomba mchicha wa nazi baada ya mama mkwe kumwonjesha. Nilipanda na mlonge, na nikaambiwa kwamba milima ya Omani ina mlonge wake wa porini, ndugu yake huu wa kwetu. Inzi weupe walikuja. Tuliwanyunyizia majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa na sabuni kidogo, jioni jua likishatua. Miarobaini Maskati imejaa barabarani.

Kwa matunda, uwe na subira ya ndoa. Mpapai unaweza kukupa ndani ya mwaka mmoja ila hautaki chumvi wala maji yaliyotuama. Mtini, mkomamanga na mpera zinavumilia. Komamanga tamu kuliko zote za Omani zinatoka juu ya Jebel Akhdar, kwenye ubaridi, kwa hiyo zako za bondeni usizishindanishe. Na mtende ndio mwenyeji: jua, chumvi, kiu, vyote anavibeba. Ila jike lazima achavushwe kwa mkono mwisho wa baridi, unapanda na vishada vya dume na kuvichomeka katikati ya maua yake. Dume mmoja anatosha majike kama hamsini. Hiyo usimsomee mumeo.

Kama mnaishi fleti, ndoo kubwa za rangi nyeupe zinatosha kwa mchicha na bamia barazani, mradi uzitoboe chini. Nyeusi zinapika mizizi.

Pale ulipokuwa mndimu, Novemba 2019 tulipanda mchenza. Michenza na michungwa haisumbuliwi na ufagio kama mindimu. Mume wangu ndiye aliyeuchagua kwenye kitalu, ndiye aliyepima shimo. Kibali changu cha kazi kilitoka mwezi uleule, kwa hiyo zamu ya madumu ya viyoyozi ikawa yake. Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kilipopiga pwani ya Batinah, maji yaliingia uani mpaka magotini na majaruba yote yakafukiwa na mchanga. Miche ya nyanya ilikwenda yote. Yeye alitoka kwenye mvua, mimi nikimpigia kelele dirishani, akaufunga ule mchenza kwenye nguzo kwa kilemba chake.

Asubuhi moja ya Februari 2022 niliamka nikamkosa kitandani. Nikamkuta nje, saa kumi na moja na nusu, ameshika tochi, uso karibu na majani.

"Maua kumi na saba," akasema.

Nikamwambia mengi yatapukutika, mti bado mchanga.

"Najua," akasema. "Nahesabu tu."